Ukuta wa Nne wa Nyumba ya Akina Lu

Dongyang, 6 Septemba 2016

Mdogo wangu Qiaoyun,

Usishtuke kuona bahasha. Sijaumia, sijafungwa, na sihitaji kitu. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapa kazini simu zetu zinafungiwa kwenye sanduku langoni tusije tukapiga picha, na jioni nikirudishiwa yangu nimechoka hata kidole hakinyanyuki. Ya pili unaijua. Mimi na wewe tukipigiana simu, salamu haijaisha tumeshagombana, halafu mmoja anakata. Barua huwezi kuikata. Mwandiko wangu uuvumilie. Shule niliishia darasa la tano na mkono huu umezoea nyundo.

Sasa sikia tunajenga nini. Mwaka wa sita huu niko kwenye mji wa filamu. Nimejenga majumba ya wafalme kwa plaiwudi, nimejenga magereza, mahekalu, hata daraja lililochomwa moto siku ya pili yake. Sijawahi kujali. Nagongelea, wanapiga picha, wanabomoa. Wiki iliyopita nyapara wetu, Pang, akanipa mchoro mpya. Nikauangalia, nikakaa juu ya rundo la mbao. Ni sebule ya akina Lu.

Wale wale wa "Meza ya Akina Lu". Wanautengenezea filamu ule mchezo wa televisheni, na wachezaji wapya.

Pang, ambaye huniita kwa jina la jimbo letu, akaniuliza, "Wee Shanxi, umeona mzimu?" Nikamwambia nimeona Jumamosi. Hakuelewa, ni mtu wa kusini.

Wewe utaelewa. Jumamosi saa kumi na moja jioni, televisheni ya Mzee wetu imewekwa dirishani ikitazama uani, nusu ya kijiji na viti vyao vifupi, maganda ya mbegu za alizeti mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu Lu anakaribia kuonja supu, bibi asiyesikia anajibu swali ambalo halijaulizwa, halafu mlango unafunguliwa na yule mtoto mkubwa, dereva wa lori, anaingia amechelewa kama kawaida: "Mmenibakizia nini?" Na uwanja mzima tunajibu pamoja na Mwalimu Lu, hata Mama mwenye aibu zake: "Vyombo."

Niliwaambia vijana wa hapa wakacheka kwa adabu. Ule si utani wa kusimuliwa.

Jambo moja liliniumiza. Nyumba ya akina Lu haina paa. Juu ni taa na nyaya tu. Haikuwahi kuwa na paa hata zamani. Miaka yote ile nilidhani mvua ikinyesha kwao wako salama.

Kuna binti anaitwa Shen, ndiye anayepanga vitu vya sebule. Ananiita mjomba. Zamani kamera ilikaa upande mmoja, kwa hiyo kuta zinazoonekana ni tatu tu. Filamu ya siku hizi inazunguka kote. Akatuuliza kama kuna anayejua ukuta wa nne ulikuwaje. Nikamjibu hapo hapo bila kufikiri: mlango wenye pazia la buluu lililotariziwa mabata, kulia kigoda chenye themosi mbili, juu yake saa isiyotembea. Akaandika kila kitu, akaniambia, "Mjomba, wewe ni hazina." Pang ananiita Hazina tangu siku hiyo, hasa nikikosea kipimo.

Naomba kitu kimoja. Diski alizonazo Shen zinaishia sehemu ya hamsini na tisa. Ya sitini, ya mwisho, haipatikani kokote. Mimi sikuiona, nilikuwa Guangzhou nachanganya zege. Wewe hukuwahi kukosa hata moja. Niandikie iliishaje.

Mzee sikuulizii, na unajua kwa nini. Msalimie mumeo.

Kaka yako,
Genwang

———

Liuwan, 20 Septemba 2016

Kaka Genwang,

Barua yako imekuja na vumbi la mbao ndani. Mume wangu alidhani umetutumia dawa ya chawa.

Nimecheka mpaka jirani kaja kuchungulia. Hazina wee, hazina ya nini? Pazia la mabata, kigoda, themosi mbili, saa iliyokufa: huo ni ukuta wetu. Ni mlango wa jikoni kwetu. Pazia alilitarizi Mama, yule bata wa mwisho hana jicho kwa sababu uzi ulikwisha. Akina Lu hawakuwahi kuwa na bata hata mmoja. Televisheni ilikuwa dirishani, sisi tuko uani mbele yake, na nyuma yetu, ukigeuka kuomba mbegu, unaona mlango wa jikoni na Mama amesimama pale na upawa, kwa sababu hakuwahi kukaa mpaka mchezo uishe. Ukuta wa nne wa akina Lu ni sisi tuliokuwa tumekaa. Umempa yule binti nyumba yetu, na wala hukujua.

Mwambie kabla hawajapaka rangi. Au usimwambie. Sijui. Tangu juzi nalifikiria jambo hili nikikanda tambi na sijui nakutakia lipi.

Hukumuulizia Mzee, mimi nakwambia. Tangu kiharusi cha Machi mkono wa kushoto ni wa mapambo. Maneno yanamjia kwa zamu: leo anazo sentensi, kesho ana "hm" tu. Nimemnunulia diski za akina Lu sokoni, na kila siku saa kumi na moja anagonga fimbo kwenye sakafu nimwashie. Hacheki. Anaangalia mlango wao. Yule dereva akiingia, Mzee anashusha pumzi kama mtu aliyewekewa mzigo chini.

Wiki jana aliniuliza, "Genwang kala?" Nikasema kala. Akasema, "Wapi?"

Najua nyumba hii iliwahi kukuficha jambo, na ndiyo maana ukija Mwaka Mpya unalala kwangu na humpitii, na yeye yuko ukuta kwa ukuta. Sasa nakuahidi kwa maandishi: la Mzee sitakuficha. Likiwa zuri nitaandika, likiwa baya nitaandika. Kwa leo, nakuandikia kwamba anapungua. Njoo wakati bado anakujua.

Mtama umekomaa vizuri mwaka huu. Nitakutumia kidogo wa uji.

Qiaoyun

———

Dongyang, 8 Oktoba 2016

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi, nikashuka, nikaenda kuuangalia ule ukuta. Fremu ya mlango nimeshaipachika. Nimeipachika kwa mikono yangu, na upande wa kulia nimeinua kizingiti kidogo, maana ndivyo nilivyokuwa "nakumbuka". Kizingiti chetu, kile alichokibandua Mzee kupitisha lile gunia la makaa na hakikukaa sawa tena. Qiaoyun, nina miaka arobaini na saba na sijui ni wapi kumbukumbu ya nyumba moja inaishia na ya nyingine inaanza.

Shen sijamwambia. Naona aibu.

Lakini na wao wana ya kwao. Ungeliona jiko walilochora! Kubwa kama uwanja wa kupuria ngano. Bibi asiyesikia safari hii ana kucha za rangi na anasikia. Dereva wa lori sasa ana gari dogo jeupe. Nilimuuliza Pang mtu mwenye gari jeupe anachelewaje chakula kila siku. Pang akasema, "Foleni." Haya.

Meza ndiyo iliyoniuma zaidi. Walileta meza mpya imenyooka kama kioo. Meza ya akina Lu ilikuwa inacheza, unakumbuka, bibi alikuwa anaweka karatasi chini ya mguu mmoja, na kila mtu akiegemea supu inamwagika upande wa Mwalimu Lu. Nusu ya vichekesho ilikuwa ni ule mguu. Saa ya chakula, wenzangu wamelala, nikachukua randa nikaupunguza mguu mmoja wa meza mpya, unene wa sarafu mbili. Juzi walipofanya mazoezi supu ikamwagika, wachezaji wakaangua kicheko cha kweli, na mwongozaji akasema, "Hiyo iacheni." Hakuna aliyeuliza ni nani. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya hapa na haina jina langu.

Mimi siwalaumu kwa kuijenga upya. Wanasema watu wanaipenda zamani. Nadhani zamani yenyewe hatuipendi sana, tulikuwa na njaa na baridi. Tunapenda kwamba wakati ule kila mtu alikuwa amekaa. Filamu haiwezi kumkalisha mtu.

Lile pazia bado lipo? Kama lipo, nitumie. Nikishalishika mkononi ndipo nitamwambia Shen ukweli.

Ya Mzee nimeyasoma. Mama alikufa nikiwa Guangzhou, nikafika siku ya kumi na moja nikakuta udongo umeshakauka. Nikauliza kwa nini sikuitwa. Mzee akanijibu kwa maneno sita, nimeyahesabu: "Ulikuwa kazini. Sikutaka kukusumbua. Nenda ukale." Nenda ukale. Kwa hilo sijui nimpitie nikamwambie nini.

Na umeruka swali langu. Iliishaje?

Genwang

———

Liuwan, 25 Oktoba 2016

Kaka,

Pazia ninalitia kwenye kifurushi hiki pamoja na mtama. Kulipata haikuwa kazi ndogo.

Mimi nilidhani lilishaoza. Mzee alilishusha mlangoni mwezi ule ule uliporudi Guangzhou, nikaacha kuuliza. Jumatatu nilimwambia unataka pazia la Mama. Nikadhani ni siku ya "hm". Halafu akaniuliza nani analitaka. Nikasema Genwang. Akauliza la nini. Nikasema kuna mlango ameujenga, hauna pazia. Akaanza kuvuta mto wake kwa ule mkono mzima, kavuta mpaka jasho likamtoka na alikataa nimsaidie. Alikuwa amelishonea ndani ya mto, Kaka. Miaka yote hii nafua foronya ya mto ule na sikujua kilichomo.

Akanipa, akasema, "Mwambie kizingiti kiko juu upande wa kulia. Alikate kwa mshazari."

Mimi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kizingiti.

Nakuandikia na mabaya kama nilivyoahidi. Tarehe kumi na tisa alianguka akienda uani. Hakuvunjika, lakini tangu hapo hawezi kulalia upande mmoja, na daktari wa wilayani alinivuta pembeni akaniambia nisipange mambo ya mbali. Kwa hiyo ukisema utakuja, sema mwezi, usiseme "kazi ikiisha".

Ile sehemu ya mwisho nimeisahau. Ni zamani mno.

Qiaoyun

———

Dongyang, 12 Novemba 2016

Qiaoyun,

Limefika. Nimelikata kwa mshazari kama alivyosema na limekaa sawa na kizingiti bila kunyanyuka. Linanuka kichwa cha Mzee, mafuta na siki. Shen alitaka lipelekwe kufuliwa, nikamwambia likifuliwa narudi nalo kwetu. Ndipo nikamweleza yote: kwamba mimi si hazina, ni mjinga tu niliyechanganya nyumba ya watu na yetu. Nilijua atanifukuza au ataniagiza ning'oe mlango. Alishika yule bata asiye na jicho, akasema nyumbani kwao Hunan ukuta wa nne ulikuwa na kabati la viatu na baiskeli ya baba yake, na kwamba kila aliyemuuliza alimtajia ukuta tofauti kwa uhakika ule ule. Akasema, "Liache, Mjomba. Ukuta lazima uwe wa mtu fulani." Kuta tatu ni za akina Lu, wa nne ni wa kwetu, akina Hou. Pang akaja kuangalia, akasema mabata yana afya.

Sasa nije kwako. Umesahau? Wewe? Wewe uliyekuwa unajua ni nani alikula nini sehemu ya thelathini na ngapi, uliyenisimulia kwenye barua sehemu nzima ya bibi kupotea sokoni mpaka bahasha ikahitaji stempu mbili? Mara ya kwanza uliruka, mara ya pili umesahau. Nakujua. Ukiwa na jambo unaandika mafupi.

Kama ni Mzee, kama ameshakufa na unaniandikia "hawezi kulalia upande mmoja" ili nimalize kazi kwa amani, niambie leo. Nyumba zetu zote ndivyo zilivyo, heri inatumwa mbio, shari inakaliwa juu kama yai. Alinifanyia yeye mara moja na sijamsamehe hata leo. Usinifanyie alichonifanyia yeye. Wewe nikikukosa sina mwingine.

Genwang

———

Liuwan, 24 Novemba 2016

Kaka,

Mzee yu hai. Yuko nyuma yangu anaangalia akina Lu, sehemu ya kumi na mbili.

Barua hii nimeianza mara nne. Umesema nisikufanyie alichokufanyia. Yeye hakukufanyia kitu. Ni mimi.

Iliishaje umeuliza. Nitakwambia iliishaje, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini naijua na kwa nini sijaisema.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi kama huu. Mama alikuwa hawezi tena kumeza. Televisheni ilishauzwa tangu vuli kwa ajili ya dawa zake, kwa hiyo nilikuwa nimekosa sehemu tisa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nisikilize kwa akili hiyo ingawa si udhuru. Saa nane mchana Mzee aliandika kwenye kipande cha karatasi: MAMA HALI MBAYA RUDI UPESI, na anwani yako ya Guangzhou. Akaniambia niende mjini kwa miguu nikakutumie telegramu, na nisirudi bila risiti.

Nilifika saa kumi na moja kasorobo. Posta ilikuwa inafungwa saa kumi na moja na nusu. Na njiani, kabla ya posta, pale kwenye duka kubwa la ushirika, walikuwa wameweka televisheni tatu dirishani, za rangi, na watu wamejaa, na muziki wa akina Lu ukaanza. Sehemu ya sitini. Sikuwahi kuwaona wakiwa na rangi. Shati la Mwalimu Lu lilikuwa la kijani, Kaka, sisi sote tulidhani ni la kijivu. Nikasema nasimama dakika moja nione shati.

Katika sehemu ya mwisho yule dereva anafika mapema. Ni mara ya kwanza. Nyumba haina mtu, meza tupu. Anasubiri, anaona aibu, anavaa aproni ya mama yake anaanza kupika, anaunguza, anapika tena. Wakirudi mmoja mmoja chakula kiko mezani na yeye amesinzia na upawa mkononi. Mwalimu Lu anakuja wa mwisho, amechelewa, wenzake wameshakula. Anasimama mlangoni anauliza yeye sasa: "Mmenibakizia nini?" Na dereva bila kufumbua macho anamjibu, "Vyombo." Basi. Mwalimu Lu anakunja mikono ya lile shati la kijani anaenda kuosha, na tunamwona mgongo tu.

Watu wa dirishani walilia. Mimi nililia. Nilipogeuka posta ilikuwa imefungwa.

Niligonga. Hakukuwa na mtu. Kesho yake Jumapili haifunguliwi. Nilirudi njia nzima nikitunga la kusema, na nilipofika Mzee alikuwa kwenye kitanda cha matofali chenye moto chini yake, amemshika Mama kichwa, akaniuliza kwa macho tu. Nikasema nimeituma. Risiti nikasema upepo umechukua.

Mama alikufa Jumatatu alfajiri. Najiambia kwamba hata ningeituma treni ni siku tatu, usingemkuta hai. Nimejiambia hivyo miaka ishirini na moja. Lakini ungemzika.

Mzee hakutuma nyingine kwa sababu aliamini uko njiani. Wazee walisema azikwe siku ya tatu, akakataa. Wakasema siku ya tano, akakataa. Kila basi lililosimama barabarani alikuwa pale, anatoka kabla halijasimama. Siku ya sita nilishindwa kumwangalia, nikamwambia. Hakunipiga. Alikaa kwenye kile kizingiti, akasema nisikwambie kamwe. Akasema, "Atanichukia mimi, hiyo itapita. Akikuchukia wewe, mimi nikifa mtabaki kila mtu peke yake." Kesho yake tukamzika Mama, akaenda mjini mwenyewe akakutumia telegramu. Ulipofika ukauliza, akakupa ule uongo ambao kila mtu huku anauamini bila kuuliza la pili.

Haikupita. Alikosea hapo. Na mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta, nampikia, naona kila Mwaka Mpya unapita mlango wake unaingia wangu, na ninakuandalia kitanda.

Sikuombi kitu. Nakuomba tu hasira uihamishe, usimwachie yeye. Hana muda wa kuibeba.

Qiaoyun

———

Liuwan, 18 Desemba 2016

Kaka,

Hujajibu, na simu inaita hupokei. Nimempigia Pang kwa ile namba uliyoniachia. Amesema uko mzima, unapiga misumari kuliko inavyotakiwa.

Usiponiandikia mimi ni haki yako. Mzee nimemwambia kwamba unajua. Ilikuwa siku yake nzuri. Alinikasirikia, akageukia ukuta, hakula mpaka kesho yake. Tangu hapo saa kumi na moja ikifika hagongi fimbo tena. Televisheni imezimwa. Anaangalia mlango wetu.

Theluji imeanguka. Nimefagia mbele ya kwake mpaka barabarani.

Qiaoyun

———

Dongyang, 3 Januari 2017

Baba,

Hii ni yako. Qiaoyun atakusomea. Qiaoyun, soma yote kwa sauti, hata yanayokuhusu, usiruke kama unavyojua kuruka.

Baba, sijakuandikia tangu siku ile na sijui barua ya baba inaanzaje. Nitaanza na kazi. Pazia limekaa vizuri. Ulisema mshazari, nikakata mshazari. Jana walipiga picha ya kwanza ya kuzunguka. Kamera ikaanza kwa meza, ikapita kwa bibi, ikapita dirishani, halafu ikageuka kule ambako haikuwahi kugeuka, na pale palikuwa na mlango wetu. Nilikuwa nimeshika kamba ya taa nisingeweza kujifuta uso. Pang akanishikia kamba.

Nilimsimulia Shen sehemu ya sitini. Nilipofika kwenye vyombo mafundi walikuwa wameacha kugonga. Hajui kama wakubwa wataitumia. Wakiitumia au wasiitumie, mimi nimeshaipata.

Qiaoyun, hapa ni pako. Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo mwezi mzima, nimeifanyia kazi kama ubao wenye fundo. Nikafika mahali pamoja: ulikuwa na miaka kumi na sita ukasimama kuangalia shati. Mimi nilikuwa na ishirini na sita, nilisimama mbele ya mtu aliyekuwa amekonda kwa siku kumi na moja, na ningeweza kumuuliza swali la pili. Dakika moja tu. Nikaona jirani kanikazia macho akitaka kusema kitu, nikampita. Nilitaka mtu wa kumlaumu na huyo alikuwa amejitolea. Kwa hiyo tumegawana. Hasira itakuwepo nikifika, nitakukaripia siku moja, labda mbili, halafu utanikandia tambi.

Baba, uliniambia maneno sita nikayabeba miaka ishirini na moja. Yale mawili ya mwisho, nenda ukale, nadhani ndiyo pekee yaliyokuwa ya kweli, na ndiyo niliyoyachukia zaidi.

Nimeomba ruhusa mapema. Mwaka huu sisubiri mkesha wa Mwaka Mpya wetu wa mwezi mwandamo. Nitafika tarehe ishirini, siku ya kumuaga mungu wa jikoni, wiki moja kabla ya sikukuu, kabla hamjapika. Safari hii sitaupita mlango wako. Nitalala kwenye kitanda chetu cha matofali, upande wenye moto kama bado unashika, na kile kizingiti nakuja na randa.

Kama siku hiyo hutanijua, si neno, nitakaa tu tuangalie akina Lu. Lakini kama unanijua, nijibu swali moja. Ninajua nimechelewa.

Mmenibakizia nini?

Mwanao,
Genwang

———

Liuwan, 11 Januari 2017

Kaka,

Nimemsomea. Nimesoma yote, na pale pangu nimesoma polepole zaidi, kama ulivyotaka. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza swali uji ulikuwa umeshapoa, nikaona kwamba ni siku ya "hm", nikaanza kukunja karatasi. Akanizuia kwa fimbo. Akataka kalamu. Nikasema atamke niandike, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikikanyaga mbegu zake.

Mstari wa kwanza umemchukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karatasi mbili zimechanika. Mimi nilimshikia ubao tu, maneno yote ni ya mkono wake.

Televisheni imewashwa tena.

Qiaoyun

Genwang,

Vyombo.

Njoo uoshe.

Baba